Shajara ya mradi: vimbunga, maradhi na wiki zisizo na wagonjwa, Lindi na Mtwara, 2025

Februari

Mradi umeanza rasmi mwezi huu, baada ya kibali cha maadili ya utafiti kupatikana na barua za utambulisho kushuka ngazi kwa ngazi, kutoka ofisi za makatibu tawala wa mikoa hadi mezani kwa watendaji wa vijiji. Swali tulilojiwekea ni hili: kimbunga au mafuriko yanapoipiga mikoa ya Lindi na Mtwara, ni maradhi gani yanayofuata, yanafuata baada ya muda gani, na mfumo wetu wa taarifa za afya unayaona kwa kiasi gani? Wafadhili walivutiwa zaidi na sehemu mbili za mwanzo. Mimi nimeing'ang'ania ya tatu, kwa kuwa majibu ya zile mbili yanatoka ndani ya taarifa ambazo maafa yenyewe huenda yameshaziharibu.

Kwa muda mrefu pwani hii ilihesabiwa kuwa nje ya njia ya vimbunga, na hesabu hiyo ina msingi. Kimbunga hujengwa na bahari yenye joto la kama nyuzi 26.5 na kuendelea, lakini pia huhitaji nguvu itokanayo na mzunguko wa dunia, ambayo hupungua kadiri unavyoikaribia ikweta. Sisi tuko karibu na nyuzi 10 kusini, na vimbunga vingi vya Bahari ya Hindi Kusini Magharibi hupita kusini kwetu, kuelekea Madagaska na Msumbiji. Hata hivyo orodha ya vilivyotukaribia si tupu. Zanzibar ilipigwa tarehe 15 Aprili 1872. Lindi ilipigwa Aprili 1952. Kenneth kilitua Cabo Delgado, ng'ambo tu ya Ruvuma, tarehe 25 Aprili 2019, wakati Msumbiji haijazika majonzi ya kimbunga Idai cha mwezi mmoja na nusu nyuma yake. Jobo kilififia Aprili 2021 kabla hakijaleta madhara makubwa, na Hidaya kilifika Mafia tarehe 4 Mei 2024.

Anayezitazama tarehe hizo ataona kwamba zote zimekaa kwenye mkia wa mvua za msimu, ambazo kwetu huanza Novemba na kwisha Aprili au Mei mwanzoni. Kwa mtafiti huo ni mtihani, kwa sababu ndio wakati ambao malaria huwa imeshapanda kwa sababu zake za kawaida, bila kimbunga chochote. Kuongezeka kwa wagonjwa mwezi Mei, peke yake, hakuthibitishi lolote. Kila wiki ya mwaka wa maafa itabidi ilinganishwe na wiki hiyo hiyo ya miaka mingine, kwenye zahanati ile ile.

Machi

Mwezi huu wote umekwenda kwenye rejesta. Kila kituo cha kutolea huduma huandika wagonjwa wa nje kwenye Kitabu Namba 5 cha MTUHA, mfumo wa taarifa za uendeshaji wa huduma za afya, kisha hujumlisha mwisho wa mwezi na takwimu kuingizwa kwenye mfumo wa kompyuta wa DHIS2 ngazi ya wilaya. Magonjwa ya kutolewa taarifa haraka, kipindupindu kikiwemo, huripotiwa kwa njia yake kila wiki. Tulianza na takwimu za mwezi kwa kuwa ndizo rahisi kupatikana, tukagundua upesi kwamba hazitufai: Hidaya kiliingia mwanzoni mwa Mei, na jumla ya mwezi mzima inaziba kabisa kilichotokea katika wiki mbili za kwanza. Hapakuwa na njia nyingine ila kurudi kwenye karatasi, mstari kwa mstari, tarehe kwa tarehe.

Tulichokikuta kwenye karatasi kilizua mjadala mrefu kuliko wote tuliowahi kuwa nao katika timu hii. Katika zahanati kadhaa za mabondeni, hasa upande wa Kilwa, mistari ya siku zilizofuata Hidaya ni michache kuliko kawaida, na kwingine hakuna mistari kabisa. Mtakwimu wetu, kijana makini ambaye kwa kawaida hatuna sababu ya kumpinga, alipendekeza siku hizo zijazwe kwa wastani wa wiki za jirani, kama vitabu vya takwimu vinavyoelekeza pale taarifa zinapokosekana kwa bahati. Mwuguzi mtafiti akauliza: kwa bahati gani? Barabara kuu ya kwenda Dar es Salaam ilikatika sehemu kadhaa za Kilwa, Somanga ikiwa mojawapo, na njia ndogo za vijijini ziliharibika bila kutangazwa na mtu. Mama mwenye mtoto wa homa aliyekuwa ng'ambo ya mto hakukosekana kwenye rejesta kwa bahati. Kimbunga ndicho kilichomzuia.

Nilikubaliana na mwuguzi, na huo sasa ndio msimamo wa mradi: mstari usioandikwa baada ya maafa si pengo la kuzibwa, bali ni sehemu ya madhara tunayoyapima. Tukiuziba kwa wastani, tunatangaza kwamba watu waliendelea kutibiwa kama kawaida. Tukiuacha kama ulivyo bila maelezo, grafu itasema kwamba watu waliugua kidogo zaidi baada ya kimbunga, na yuko mtu atakayeisoma hivyo.

Lakini msimamo hautoshi bila njia ya kuutekeleza, kwa sababu ukimya wa rejesta hauna chanzo kimoja. Inawezekana wagonjwa hawakuweza kufika. Inawezekana mhudumu mwenyewe hakuweza kufika. Inawezekana wote walifika na kazi ikafanyika, ila kitabu kilirowa au mistari iliandikwa kwenye karatasi ya pembeni ambayo haikuhamishwa. Tulihitaji shahidi mwingine, naye amepatikana mahali ambapo hatukupatarajia: ukutani, juu ya jokofu la chanjo. Mhudumu hutakiwa kusoma joto la jokofu asubuhi na jioni kila siku na kulijaza kwenye chati. Chati ikiwa imejazwa huku Kitabu Namba 5 kikiwa kitupu, mhudumu alikuwepo na wagonjwa ndio waliokwama. Vyote viwili vikiwa vitupu, kituo chenyewe kilikuwa kimesimama. Leja ya dawa ni shahidi wa tatu, kwani dawa zikitoka bila wagonjwa kuandikwa, basi wagonjwa walikuwepo.

Mganga mfawidhi wa zahanati moja alipotuona tunapiga picha chati ya jokofu badala ya rejesta alidhani tumetumwa na watu wa chanjo kumkagua, ikabidi tueleze upya tangu mwanzo. Tangu siku hiyo tunaanza na maelezo, ndipo tunafungua makabati.

Tarehe 10 mwezi huu kimbunga Jude kilitua Nampula, Msumbiji. Hakikutugusa.

Aprili

Takwimu za mvua. Vituo vya Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania vyenye kumbukumbu ndefu ni vichache na viko mbali na mabonde tunayoyachunguza, kwa hiyo tumeviunganisha na makadirio ya CHIRPS, yanayochanganya picha za setilaiti na vipimo vya ardhini tangu mwaka 1981, kwa vipande vya ukubwa wa kilomita 5 hivi. Inatosha kwa kazi yetu. Izingatiwe tu kwamba mvua iliyonyesha kijijini si lazima ndiyo iliyokifurikisha, kwa kuwa maji ya Matandu, Mbwemkuru na Lukuledi hutoka mbali bara. Mafuriko ya mwishoni mwa Januari 2020, yaliyoua takriban watu 20 mkoani Lindi na kuwafanya wengine wakimbilie juu ya miti na mapaa, yanapaswa kusomwa kwa kutazama bonde zima. Mvua ya kituo kimoja haiyaelezi.

Mei

Tumepanga sasa muda wa kila maradhi, kwa sababu bila kuupanga mapema kishawishi cha kuchagua wiki zinazotupendeza ni kikubwa. Kipindupindu kina kasi: dalili hujitokeza kati ya saa 12 na siku 5 baada ya mtu kumeza vimelea. Beira, mji wa pwani ya Msumbiji, ndiyo mfano tunaousoma kwa karibu. Idai kilitua usiku wa kuamkia tarehe 15 Machi 2019, wagonjwa wa kwanza wa kipindupindu wakathibitishwa tarehe 27 mwezi huo huo, na mwanzoni mwa Aprili chanjo ya matone ilikwishaanza kutolewa, ikawafikia zaidi ya watu 800,000. Wagonjwa walizidi 6,000. Nimeandika tarehe hizo kubwa kwenye ubao wa ofisi, si kwa kuwa zinatuhusu moja kwa moja, bali kwa kuwa zinaonyesha jinsi nafasi ya kuchukua hatua ilivyo nyembamba: ripoti ya mwezi isingeona chochote hadi mlipuko uwe umeshapamba moto.

Homa ya leptospira, itokanayo na maji yaliyochanganyika na mikojo ya panya na mifugo, kwa kawaida hujitokeza kati ya wiki moja na mbili, ingawa inaweza kuchukua hata mwezi. Hiyo karibu haimo kabisa kwenye rejesta zetu, kwa sababu zahanati haina kipimo chake, na mgonjwa mwenye homa na maumivu ya misuli ambaye kipimo cha haraka cha malaria kimeonyesha hana vimelea huishia kuandikiwa antibiotiki na kupewa jina la ugonjwa mwingine. Tunatazama kwa hiyo kundi zima la homa zisizo malaria.

Malaria yenyewe huja baadaye. Mafuriko makali husomba kwanza viluwiluwi, na wiki za mwanzo mbu wanaweza hata kupungua. Ni pale maji yanapotulia na kuacha madimbwi ndipo uzazi unapoanza, na ongezeko la wagonjwa kuonekana kati ya mwezi mmoja na miwili au zaidi. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2022 uliikuta Mtwara na maambukizi ya asilimia 20 kwa watoto wa chini ya miaka mitano, ya pili baada ya Tabora, wakati wastani wa nchi ulikuwa asilimia 8. Juu ya msingi kama huo, hata ongezeko dogo kwa uwiano ni watoto wengi.

Kwa hiyo Hidaya, kilichotua Mei 4, 2024, kitafuatiliwa kwenye rejesta hadi Agosti ya mwaka huo, mwezi ambao hakuna mtu tena anayezungumzia kimbunga. Madaraja yamerudishwa, misaada imekwisha, na wenye mikorosho wako shambani wanapuliza salfa.

Juni

Tumekuwa Newala na Tandahimba, ambako maafa yanayozungumzwa si mafuriko bali ukosefu wa maji. Baadhi yetu waliona tunatoka nje ya mada. Mimi naona tusipokwenda huko tutakuwa tunachunguza nusu ya mabadiliko ya tabianchi, ile nusu inayopigwa picha.

Uwanda wa Makonde una nafasi yake katika historia ya tiba. Ni huku ambako mlipuko wa mwaka 1952 na 1953 uliutambulisha ulimwenguni ugonjwa wa chikungunya, ulioelezwa mwaka 1955 na Marion Robinson na W. H. R. Lumsden. Maelezo ya wakati ule yalizingatia jambo ambalo mwenyeji yeyote angelisema bila kuulizwa: juu ya uwanda hakuna mito, maji hutekwa mbali mabondeni, na yakifika nyumbani hutunzwa ndani ya vyombo. Mbu aina ya Aedes huzaliana humo humo chumbani, karibu na watu wake, na mayai yake hustahimili ukavu kwa miezi.

Mmoja wetu aliweka kwenye mchoro mmoja kimbunga cha Lindi cha Aprili 1952 na mlipuko wa chikungunya wa mwaka huo huo, akaangaza uso. Mchoro unapendeza. Lakini uwanda na mji wa pwani ni mazingira mawili tofauti, na njia ya kuunganisha upepo wa Aprili na mitungi ya Newala haionekani. Kwa miaka iliyotangulia, upande wa Nachingwea, serikali ya Uingereza ilikuwa imefyeka mapori kwa ajili ya mradi wa karanga uliovunjwa mwaka 1951, na anayetafuta sababu za pembeni anaweza kuanzia hapo pia bila kufika popote. Mchoro huo hautaingia kwenye ripoti.

Kinachoingia ni jambo lingine. Ukame humfanya mtu ahifadhi maji. Bomba lililokatwa na mafuriko humfanya mtu ahifadhi maji vilevile. Njia mbili zinazoonekana kupingana zinaishia kwenye pipa lile lile lisilo na mfuniko. Dodoso la kaya, ambalo awali liliuliza tu kama maji yaliingia ndani ya nyumba, sasa linauliza maji ya kunywa yalihifadhiwa wapi, kwa muda gani, na kama chombo kilifunikwa.

Julai

Vifo. Hapa ndipo kazi ilipo ngumu zaidi, na ndipo ninapotaka tukae.

Idadi ya vifo vya maafa inayotangazwa huwa ni ya waliozama, walioangukiwa na ukuta au kusombwa. Tarehe 25 Aprili 2024, kabla Hidaya hakijafika, Waziri Mkuu wa wakati huo Kassim Majaliwa, ambaye pia ni mtu wa Ruangwa, aliliambia Bunge kwamba mvua za msimu ule zilizoambatana na El Niño zilikuwa zimeua watu 155 nchini. Ni takwimu ya lazima na hatuna ugomvi nayo. Swali letu ni juu ya wale waliofariki baadaye, kitandani kwao, kwa jambo ambalo lingetibika.

Puerto Rico ndiyo iliyofungua macho ya watafiti wengi. Baada ya kimbunga Maria cha Septemba 2017 idadi rasmi ilibaki 64 kwa miezi mingi. Agosti 2018, baada ya uchunguzi wa Chuo Kikuu cha George Washington uliolinganisha vifo vyote na vile ambavyo vingetarajiwa kwa kipindi hicho, serikali ilikubali idadi ya 2,975. Watu hao waliuawa na umeme uliokatika, dawa zilizokwisha na barabara zilizofungwa. Uchunguzi mwingine wa vimbunga vya Marekani, uliochapishwa mwaka 2024, uliona athari hiyo ikiendelea kwa miaka 15 hivi, kwa makadirio ya vifo vya ziada kati ya 7,000 na 11,000 kwa kila kimbunga, wakati wastani wa takwimu rasmi ni 24.

Njia hiyo inataka nchi ambayo kila kifo kimesajiliwa. Kwetu vijijini wengi hufia nyumbani na kuzikwa siku hiyo hiyo au ya pili yake, na cheti hutafutwa tu pale penye mirathi au mafao. Kwa hiyo tunauliza misiba. Mtu anaweza asikumbuke tarehe, lakini msiba wa jirani haumpotei: aliyelala matanga anajua nani alikufa, na kama ilikuwa kabla ya mazishi mengine au baada. Kuhusu muda, tumeweka nguzo mbili ambazo kila mtu wa pwani anazo kichwani, Idi el-Fitri ya Aprili 10 na Idi el-Haji ya Juni 17 mwaka 2024, na kimbunga kimekaa katikati yake. Kisha tunauliza kipindi hicho hicho, Idi hadi Idi, kwa mwaka 2023 na 2025. Kwa kaya za Kikristo za Masasi na Ndanda tunatumia Pasaka na uvunaji wa mahindi. Wenyeviti wa vitongoji wametusaidia kuliko tulivyotazamia, na masheikh na makatekista pia, maana wao ndio waliosimamia mazishi.

Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inatubana hapa, na ni vizuri itubane. Majina ya marehemu yanabaki kijijini. Sisi tunaondoka na namba, umri, jinsi na maelezo ya ugonjwa tu.

Mahojiano yamekuwa mazito. Tumeyapunguza yasizidi machache kwa siku, kwa ajili ya wahojiwa na kwa ajili ya wahojaji. Mada inayorudi kila kijiji si kipindupindu wala malaria, bali dawa za kila siku. Bibi mmoja mwenye shinikizo la damu alitueleza kwamba hakuwahi kuambiwa dawa zimekwisha. Zilikuwepo hospitalini muda wote, ila yeye hakuwa na njia ya kuzifikia, na bodaboda aliyekubali kumzungusha alitaka nauli ambayo mwanawe hakuwa nayo. Wanaotumia dawa za kufubaza virusi vya UKIMWI, kwa kulinganisha, wengi walipita kipindi hicho salama, kwa sababu utaratibu wao siku hizi huwaruhusu walio imara kuchukua dawa za miezi kadhaa kwa mara moja. Tofauti hiyo kati ya makundi mawili ya wagonjwa wa kudumu, kijiji kimoja na mto mmoja, ndiyo jambo la maana zaidi ambalo mradi umeliona hadi sasa, na halikuwa kwenye andiko letu la awali.

Septemba

Tumewasilisha hali ya kazi mbele ya kamati ya maafa ya wilaya, chombo ambacho Sheria ya Menejimenti ya Maafa ya mwaka 2022 inakitaka kiwepo kuanzia kijiji hadi taifa. Swali la kwanza lilikuwa lile tulilolitarajia: je, Hidaya kililetwa na mabadiliko ya tabianchi? Nilijibu kwamba mradi wetu haujibu swali hilo na haukujengwa kulijibu. Kinachofahamika ni kwamba hewa hubeba mvuke zaidi kwa takriban asilimia 7 kwa kila nyuzi moja ya joto linaloongezeka, hivyo mvua ya kimbunga kile kile huwa nzito zaidi, na kwamba wanasayansi wanatarajia uwiano wa vimbunga vikali kuongezeka hata kama jumla ya vimbunga haitaongezeka. Kutoka hapo hadi kwenye kifo cha mtu fulani Kilwa ni mnyororo wenye pete nyingi, na pete kadhaa kati ya hizo, kalvati, nauli, ratiba ya kliniki, ziko mikononi mwa halmashauri. Mjumbe mmoja alionekana kutoridhika. Nadhani alitaka jibu fupi la kupeleka kwenye kikao kingine.

Swali la pili lilikuwa zuri zaidi, na lilitoka kwa mratibu wa MTUHA: kama rejesta tupu ni dalili, kwa nini isitumike kama king'ora? Kituo ambacho kwa kawaida huandika wagonjwa kila siku kikinyamaza siku mbili mfululizo baada ya tahadhari ya Mamlaka ya Hali ya Hewa, mtu apige simu bila kungoja ripoti. Tumekubaliana kulijaribu wazo hilo kwenye takwimu za 2019, 2020 na 2024 kuona lingetoa king'ora lini na lingekosea mara ngapi.

Pendekezo letu kwa mganga mkuu wa wilaya ni moja: wagonjwa wa shinikizo la damu, kisukari na kifafa wanaoishi upande wa mto unaofungwa wapewe dawa za miezi mitatu kwenye kliniki ya Machi, kama wanavyofanyiwa wa dawa za kufubaza virusi. Amesema suala ni bajeti na akiba ya dawa, akaomba orodha ya vitongoji na makadirio ya wagonjwa, nasi tumeahidi kuvileta kabla ya mvua za Novemba. Chati za jokofu za zahanati zilizosalia za Liwale na Nanyumbu zitakusanywa sasa hivi, kwa kuwa minada ya korosho ikishafunguliwa hata magari ya kukodi hayapatikani.